Herufi Tatu Nilizozikata

Mimi si mwandishi. Hilo nimemwambia katibu wa muungano mara nne, na mara ya nne nilimwambia nikiwa na pini mdomoni, ili aelewe kwamba nina kazi. Katibu ndiye mwenye duka la dawa pale kona. Ni mpole, lakini akishika jambo ni kama kupe. Anataka wanachama wapya wasome tulikotoka. Nikamwambia, waandikie wewe, wewe umesoma. Akasema, "Bi Pindo, nikiandika mimi watasema nimekusitiri." Hapo ndipo nilipokubali. Si kwamba alinishinda. Nilijua akiandika yeye atanipaka mafuta, na mimi siku ile sikustahili mafuta. Basi haya nimeyaandika kwa mkono wangu, siku tisa, kati ya nguo na nguo. Mwandiko usiposomeka, vaa miwani.

Bi Pindo ni jina nililopewa na wateja, kwa sababu pindo nililolikunja mimi halifumuki. Suruali itachanika magoti, itachanika makalio, pindo lipo. Shule nilikaa miaka miwili na miezi michache. Baba aliponitoa nilikuwa nimezimaliza herufi zote, ila kuziunganisha bado. Kuunganisha nilijifunza mwenyewe, kwenye vibandiko vya nyuzi na pakiti za vifungo. Ndiyo maana rangi na saizi nasoma upesi, na maneno mengine nayavizia.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani kabla yangu. Alipofariki aliniachia cherehani ya miguu, watoto wanne na dada yake. Watoto wamekua wamekwenda zao. Cherehani nimeibadilisha mkanda mara nyingi. Dada yake yupo vilevile. Huyo wifi yangu anauza mboga ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na veranda yangu, na kwa miaka thelathini hajawahi kunisalimu bila kuongeza jambo. "Umeamkaje, wifi, naona leo umechelewa kufagia." Ndiyo salamu yake.

Barabara yetu ya chini inaanzia kituo cha mafuta na kuishia darajani. Upande mmoja veranda, upande mwingine meza za mboga, na kule mwisho washona viatu na mafundi baiskeli. Vyama vilikuwa vitatu. Mafundi cherehani tulikuwa arobaini na mmoja, na mwenyekiti wetu mimi. Wa viatu na baiskeli walikuwa hamsini na wanane, na mwenyekiti wao ni mshona viatu tunayemwita Gundi, kwa kuwa vidole vyake havijawahi kuwa vikavu. Wauza mboga walikuwa mia moja na kumi na watano, na mwenyekiti wao, nani mwingine, wifi.

Na Gundi tulikuwa hatusemezani. Miaka kumi na moja. Alisimama mbele ya veranda yangu, mbele ya mteja aliyeleta kitambaa cha harusi, akasoma kibao changu kwa sauti. Kibao niliandika mwenyewe. "Fudi cherehani," akasema. "Bi Pindo, fundi ana N." Mteja akacheka. Mimi kibao sikukibadilisha, na Gundi nikamfuta. Viatu vyangu nikawa napeleka kushonwa mji wa pili.

Sasa halmashauri ikabandika ukutani tangazo la pendekezo lake. Wafanyabiashara wote wa barabara ya chini watahamishiwa kiwanja kilicho nyuma ya machinjio, ili barabara ipanuliwe. Nyuma ya machinjio, jamani. Huko anakwenda nani na kitambaa cheupe? Huko hapiti mtu ila mwenye ng'ombe, na hapiti mbwa ila mwenye njaa. Ukinihamishia huko hujanihamisha, umenizika na cherehani yangu.

Nikaenda kwa karani wa halmashauri kwa niaba ya mafundi. Karani ni mama mmoja mnene, mwenye adabu. Akanisikiliza, akaandika, akasema, "Mama yangu, nyinyi ni watu arobaini na mmoja. Mji mzima usubiri watu arobaini na mmoja?" Nikatoka. Nilikuwa sijafika hata verandani, wifi akavuka barabara. Wifi havuki barabara kirahisi. Mguu wake mmoja mbovu, na kiburi chake ni kizima.

"Umeingia kwa karani, wifi?"

"Nimeingia."

"Umetokaje?"

"Kwa mlango."

"Na mimi juzi nilitoka kwa mlango. Na Gundi jana katoka kwa mlango huohuo. Mlango umechoka kutuona mmojammoja."

Nikamuuliza anataka nini. Akasema tuungane, vyama vitatu viwe kimoja, twende kwa madiwani watu mia mbili na kumi na wanne kwa pamoja, tuone kama watatuhesabu tena kwa vidole.

"Mimi na Gundi chumba kimoja?" nikasema.

"Kwani nimesema kitanda kimoja?"

Tulikutana kwenye karakana ya baiskeli, wengine wamekaa juu ya matairi, wengine juu ya kreti. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa watatu, wawili kati yetu hata si mafahali. Tulibishana nani aongoze mpaka vivuli vikageuka. Mwisho wakanipa mimi, kwa sharti kwamba ni mpaka siku ya kikao cha madiwani tu. Wifi alisema nimepewa kwa sababu ya umri. Mimi na yeye tumepishana miezi mitano.

Ikabaki karatasi ya sahihi. Katibu, ambaye wakati huo alikuwa mwenye duka la dawa tu, akajitolea kuipiga chapa kwenye kompyuta yake. Nikamwambia akae na vidonge vyake. Mwenyekiti ni mimi, na karatasi ninayo, ile ya kaki ninayochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Ni ndefu, inaingiza majina yote bila kuunganishwa. Akasema, "Basi ukishaandika nikusomee tu, kwa usalama." Nikamtazama. Akaondoka.

Niliikunjua mezani nikaandika juu kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa, ili hata diwani asiyeona vizuri aone. Mstari wa kwanza: SISI WA BARABARA YA CHINI. Ukaenea sawasawa. Mstari wa pili nilitaka uwe TUNAUNGANA MIKONO. Hayo ndiyo yalikuwa moyoni. Tumeshikana, mshona nguo na mshona kiatu na muuza mchicha, mkono kwa mkono, hatubanduki. Nikapima kwa futi kabla ya kuandika, kama ninavyopima kila kitu. Maneno hayakuenea. Karatasi ilikuwa nyembamba, na herufi zangu ni pana.

Fundi akikosa kitambaa anafanya nini? Halii. Anapunguza. Anatoa pale ambapo hapataonekana. Nikaitoa NA kwenye neno la kwanza, nikaitoa I kwenye neno la pili. Herufi tatu. Likakaa vizuri mno, pindo kulia sawa na pindo kushoto. Nilirudi nyuma hatua mbili nikalitazama kama ninavyotazama koti lililokwisha. TUNAUNGA MKONO.

Naapa sikuliona. Mtu huona anachokusudia. Mimi niliona mikono imeshikana.

Kisha, ili madiwani wajue tunazungumzia jambo gani, nikalichomoa tangazo lao la kutuhamisha pale ukutani nikalibana kwa pini juu ya karatasi yetu. Pini ya kichwa chekundu, ile nzuri.

Gundi alikuja kuweka sahihi wa kwanza. Sikumtegemea. Alisimama juu ya karatasi kwa muda, akanitazama usoni, akafungua mdomo, akaufunga. Akainama akaandika jina lake. Nilidhani ni aibu ya miaka kumi na moja inamsumbua. Nikafurahi. Baada yake wakaja wote, siku tatu, wengine sahihi, wengine dole gumba. Nilimpelekea karani, akagonga muhuri bila kuinua macho.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, na waliokosa nafasi walijaa madirishani. Wifi alivaa gauni nililomshonea mimi, la kwanza tangu mume wangu afariki. Tulikaa safu ya mbele, mimi katikati, yeye kulia, Gundi kushoto. Mwenyekiti wa madiwani akavaa miwani, akainua karatasi yetu, ikaning'inia mpaka miguuni pake. Watu wakaguna kwa fahari. Nami niliguna.

"Pendekezo la kuhamishia biashara kiwanja cha nyuma ya machinjio," akasoma kwenye tangazo. Akalifunua, akasoma letu. "Sisi wa barabara ya chini tunaunga mkono." Akashusha miwani akatabasamu. "Sahihi mia mbili na kumi na nne. Ni mara ya kwanza wafanyabiashara wa mji huu kusema kwa sauti moja. Kwa niaba ya halmashauri nawashukuru kwa ukomavu wenu."

Madiwani wakapiga makofi.

Masikio yangu yaliziba kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Niliona mikono ya madiwani inagongana, sikusikia kitu. Nilitazama mapaja yangu nikadhani si yangu. Katika maisha yangu nimepokea habari ya msiba nikiwa nimeshika pasi ya mkaa, na sikuichoma nguo. Siku ile, kama ningekuwa na pasi mkononi, ungeungua ukumbi mzima.

Kisha masikio yakafunguka, na kelele zikaingia zote kwa mpigo.

"Nani kaongeza neno?" Wifi alikuwa ameinama mbele yangu anamsemesha Gundi. "Wewe ulikuwa wa kwanza kuishika kalamu. Wamekupa nini, banda zuri huko machinjioni?"

"Mama, tafadhali chunga mdomo," Gundi akasema. "Watu wako mia moja na kumi na watano nao wameishika. Umewakagua wote?"

"Watu wangu wanaweka dole gumba. Dole gumba haliandiki maneno."

Nyuma yetu mafundi baiskeli walikuwa wamesimama, na wauza mboga nao wamesimama, na ule muungano wetu wa wiki tatu ulikuwa unapasuka kama suruali ya kuazima. Mtu mmoja dirishani akasema huyo ni karani, karani ndiye kaghushi, karatasi ilikuwa kwake. Likawa neno la wote. Karani, karani. Yule mama akainuka kwenye kimeza chake pembeni. "Niliipokea ilivyo, jamani. Nina watoto. Niliipokea ilivyo."

Na hapa ndipo katibu angenisitiri. Nilinyamaza. Ningeweza kusema nilichelewa kuelewa, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Nilijua wino ni wangu na K zile ni zangu. Nilijua pia kwamba nikikaa kimya, karani atabeba, au Gundi atabeba, na mimi nitarudi verandani nikiwa Bi Pindo yuleyule. Nilihesabu pumzi. Zilifika saba. Pumzi saba mwanamke mzima anamwangalia mwenzake akisingiziwa.

Nikasimama.

"Hakuna aliyeongeza," nikasema. "Aliyepunguza ni mimi."

Ukumbi ukanyamaza kwa vipande, mbele kwanza, kisha nyuma, mwisho madirishani. Mwenyekiti wa madiwani akaniuliza, "Mama, una maana hukujua ulichoandika?"

"Nilijua nilichoandika. Sikujua utakachosoma."

Wachache wakacheka, na mimi nikaona ulimi wangu unaanza kunitetea tena, nikaukamata. Nikasema yote. Kwamba nilitaka kuandika tunaungana mikono. Kwamba karatasi ilikuwa nyembamba. Kwamba nikakata NA, nikakata I. Kwamba mtu alitaka kunisomea nikakataa, na si mara ya kwanza kukataa. Nikamgeukia karani nikasema, "Mama, nisamehe." Akakaa chini akajifuta kwa kiganja.

Nilingoja wanizomee. Nilikuwa tayari kwa hilo. Ambalo sikuwa tayari nalo ni Gundi.

"Mimi niliona," akasema, polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

"Uliona nini?"

"Niliona siku ile ya kwanza. Nilisoma nikashangaa. Nikasema moyoni, hii si ndiyo kukubali kuhama?"

"Na ukaweka sahihi?"

"Bi Pindo, mara ya mwisho nilipokukosoa herufi moja, ulininunia miaka kumi na moja. Hapa zilikuwa tatu."

Nyuma yangu sauti ya mwenye duka la dawa ikasema, "Hata mimi niliona." Akafuata mwalimu mstaafu anayeuza vitunguu. Akafuata fundi mwenzangu niliyemfundisha mwenyewe kushika mkasi. Hadi tunatoka ukumbini nilikuwa nimehesabu watu kumi na mmoja. Watu kumi na mmoja walisoma, wakaona tunajiuza, wakanitazama usoni, wakatia sahihi, au, kwa yule wa dawa asiye na chama, akapita zake. Nimeishi miaka mingi nikidhani wananiheshimu. Bado nikilifikiria, mkono unasimama juu ya gurudumu la cherehani na sindano inabaki katikati ya kitambaa.

Nikamuuliza wifi, "Na wewe uliona?"

"Mimi sikusoma," wifi akasema. "Niliona mwandiko wako, nikajua huyu hata akikosea, atakosea kwa upande wetu."

Mwenyekiti wa madiwani akagonga meza. Akasema anasikitika, lakini karatasi imeshapokewa na kugongwa muhuri, na halmashauri inafuata maandishi. Maandishi yanasema tunaunga mkono. Diwani mmoja akatikisa kichwa kukubali, na nikaona tumekwisha kweli.

Wifi akasimama. Alisimama kwa shida, kwa ule mguu, akishika bega langu.

"Mheshimiwa," akasema, "sisi wa mboga hatujui maandishi, lakini mkono tunaujua. Watu hao walioandikwa hapo wote wamo humu na hapo nje. Waulize. Anayeunga mkono kuhamia machinjio, ainue mkono."

Hakumngoja aulize. Aliwageukia watu. "Mmesikia? Anayeunga mkono, juu."

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wametulia hivyo. Walioko ndani walikalia mikono. Walioko madirishani waliiweka mfukoni, wanawake waliifungia ndani ya khanga. Fundi baiskeli mmoja pua ilimwasha, nikamwona anajikuna kwa bega. Wifi akageuka sasa kwa madiwani, kwa adabu kabisa. "Na nyinyi, waheshimiwa. Anayeunga mkono." Diwani yule aliyetikisa kichwa aliangalia madirishani, akakuta pale kuna nyuso za watu watakaompigia kura au kumnyima, nyuso zaidi ya alizowahi kuzipata kwenye mkutano wake wowote. Mkono wake ukabaki mezani, kando ya glasi ya maji.

Mwenyekiti wa madiwani akavua miwani. Akasema karatasi irudishwe kwa wenyewe, walete nyingine ndani ya siku kumi na nne.

Nilisema najiuzulu palepale, nje ya ukumbi. Wifi akaniambia, "Utajiuzulu uende wapi? Umeharibu wewe, utashona wewe." Wakanirudisha kwenye karakana ya baiskeli, wakanitandikia karatasi ya kaki, mbili kwa upana safari hii, na watu wakasimama kunizunguka. Niliandika. Kila herufi niliyoandika, Gundi aliitaja kwa sauti na watu wakaiitikia. Nilifika TUNAPI, mkono ukataka kwenda moja kwa moja kwenye G. Gundi akasema, "Taratibu, Bi Pindo. N kwanza." Watu wote wakanyamaza kusubiri nitafanya nini. Nikaandika N. TUNAPINGA. Ingekosekana hiyo, tungewaambia madiwani tunapiga, na polisi wangetufuata nyumbani.

Barabara ya chini ipo, unaipita kila siku. Veranda zipo. Halmashauri imetupa kiti kimoja kwenye kamati yake ya masoko, kiti cha kupiga kura, si cha kusikiliza. Tulipochagua nani akakikalie, nilisimama mimi na wifi. Nilipata kura themanini na tatu. Yeye alipata mia moja thelathini na moja. Yeye anasema walimchagua kwa busara. Mimi nasema wauza mboga ni wengi. Anakwenda kila mwezi na gauni nililomshonea, na akirudi anavuka barabara kunieleza yaliyosemwa, kisha ananiambia sijafagia.

Sasa wewe mwanachama mpya. Umepewa karatasi hizi na kadi yako, na najua ulivyokuwa unasoma, unaruka ruka kama unayetafuta bei. Katibu ameniomba asahihishe kabla ya kuchapa, nikamkataza. Ndani ya haya niliyoyaandika lazima kuna mahali nimekosea. Rudi mwanzo, usome kwa sauti, neno kwa neno. Ukilipata, usimnong'oneze jirani wala usipite kwa katibu. Njoo verandani kwangu, hata kama nina mteja, hata kama ana kitambaa cha harusi, uweke kidole juu ya neno lenyewe uniambie mbele yake. Nitakutazama vibaya. Usiondoke.